Mawingu na masaa ya jua: namba ipi ya kuamini ukilinganisha mji na mji?

Nuru_ya_Asubuhi (mwanzisha mada)

Wakuu habari za muda huu. Naombeni msaada maana nimezama kwenye takwimu za hali ya hewa mpaka kichwa kinauma, kila nikifungua tovuti nyingine napata jibu lingine. Mume wangu kazini kwao wamempa achague kituo kimoja kati ya miji mitatu, Seattle, Lima au Singapore, mkataba ni wa miaka kadhaa kwa hiyo tunahama familia nzima. Mambo ya mshahara na shule za watoto tumeshayaangalia, hayo hayanisumbui. Mimi kinachonisumbua ni jua. Mawingu yakitanda wiki nzima bila jua kuchomoza nabadilika kabisa, usingizi unaharibika, hamu ya kufanya kitu chochote inaisha, na hali hii ninayo tangu utotoni so siyo kitu cha kubahatisha.

Sasa mimi nilikuwa naelewa hivi, mji wenye mvua nyingi ndiyo wenye mawingu mengi na ndiyo wenye jua kidogo. Nikaanza na mvua: Lima hainyeshi kabisa, milimita hazifiki hata 20 kwa mwaka, nikasema basi jibu limepatikana. Seattle ni kama milimita 1,000 na Singapore inapita 2,000. Ila kuja kuangalia masaa ya jua kwa mwaka, Lima ndiyo ya mwisho, kama 1,230 tu, Singapore kama 2,020 na Seattle kama 2,170! Yaani Seattle ambayo kila mtu ananiambia ni giza inaizidi Singapore iliyo pale ikweta. Halafu tovuti nyingine inasema Seattle ina siku zaidi ya 200 za mawingu kwa mwaka, na nyingine tena inatoa asilimia ya anga lililofunikwa na hapo Singapore iko juu karibu miezi yote.

Hivi hizi namba zinapima kitu kimoja kweli? Inawezekanaje mji usio na mvua uwe na jua kidogo kuliko mji wa radi na mvua kubwa? Na kama mtu anachojali ni jua tu, aangalie namba ipi? Nitashukuru sana hasa kwa wale wanaoijua hii fani.

---

Baharia_wa_Nchi_Kavu

dada mvua na mawingu usivifunge kamba moja. Mvua inaweza ikamwagika milimita 50 ndani ya saa moja alafu wingu linaondoka jua linawaka kama hakijatokea kitu, na mji mwingine unaweza ukafunikwa wiki mbili mfululizo na kwenye kipimo cha mvua usikute hata tone. Angalia Miami, inapata mvua nyingi kuliko Seattle kwa mbali sana lakini jua lake ni zaidi ya masaa 3,000 kwa mwaka, hata New York inaizidi Seattle kwa mvua na kwa jua vyote viwili. Na Nairobi mwezi wa saba ni wa mawingu kuliko miezi yote na mvua yake ni kiduchu. Kinachohesabika ni wingu ni la aina gani na linakaa muda gani, siyo linamwaga maji kiasi gani.

---

Mpima_Anga

Dada Nuru umeuliza swali zuri sana. Mimi kazi yangu ni uangalizi wa hali ya hewa kiwanja cha ndege, hizi namba nazitengeneza kila siku, na nikuhakikishie kwamba hazipimi kitu kimoja. Ni vitu vitatu tofauti na watu wa tovuti wanavimwaga pamoja bila maelezo.

Kwanza kuna kiasi cha anga kilichofunikwa. Hiki tunakipima kwa okta, yaani anga zima unaligawa kwa macho vipande nane halafu unasema vingapi vina wingu. 0 ni anga safi, 8 hakuna hata tundu. Kwenye ripoti za marubani ndiyo zile FEW, ambayo ni okta 1 mpaka 2, SCT ni 3 mpaka 4, BKN ni 5 mpaka 7 na OVC ndiyo 8. Sasa tatizo ni kwamba okta haiulizi wingu ni zito au jepesi. Sirasi, yale mawingu ya juu kabisa ya chembe za barafu yaliyochambuka kama manyoya, yanaweza yakatanda anga zima nikaandika 8 huku jua linapenya na kivuli changu nakiona chini vizuri kabisa. Kesho yake inakuja stratasi, wingu la chini lililotanda kama shuka, iko mita mia tatu tu kutoka ardhini, mchana mmewasha taa ndani, nayo naandika 8. Kwenye wastani wa mwezi siku hizo mbili zinahesabika sawasawa.

Na lingine watu wengi hawalijui, kumulasi ni mawingu yenye kimo. Likiwa juu ya kichwa unaona kitako chake tu, lakini yale ya mbali kuelekea upeo wa macho unaona na ubavu, kwa hiyo yale mapengo ya anga ya bluu kati ya wingu na wingu yanafichika na mtazamaji anaandika mengi kuliko yaliyopo. Miji ya ikweta ambayo mawingu yake mengi ni ya kupanda juu namna hiyo, Singapore ikiwemo, inaguswa sana na jambo hili. Ongeza na hili kwamba wastani wa okta mara nyingi unachanganya usiku na mchana, sasa wewe unayetafuta jua wingu la saa nane usiku linakuhusu nini?

Pili ni masaa ya jua, na hapa mawingu hatuyatazami kabisa, tunalitazama jua lenyewe. Kifaa cha zamani ambacho kimetumika karibu dunia nzima ni cha Campbell na Stokes, Campbell alikibuni mwaka 1853 na Stokes akakirekebisha 1879. Ni tufe la kioo lisilo na tundu ndani, kipenyo kama sentimita 10, linakusanya mwanga wa jua na kuchoma kadi ngumu iliyopachikwa nyuma yake. Jua linavyosogea na alama ya kuungua inasogea, likiingia nyuma ya wingu alama inakatika, likitoka inaendelea. Jua likishazama unachomoa kadi unapima urefu wa palipoungua, hayo ndiyo masaa ya jua ya siku hiyo, kazi ya mkono kabisa. Kadi zenyewe ni za aina tatu, ya kiangazi ni ndefu iliyopinda, ya baridi fupi iliyopinda, na ya kipindi mchana na usiku vinapokaribiana imenyooka. Vifaa vya sasa ni vya umeme na Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeweka kizingiti kwamba jua linahesabika "limewaka" pale mwanga wake wa moja kwa moja unapozidi wati 120 kwa kila mita ya mraba.

Kwa mtu kama wewe namba hii ya pili ndiyo ya kuanza nayo, ila nayo ina upungufu wake. Siku ya vipindi vifupi vifupi vya jua kali kadi inaungua kipande kirefu kuliko muda halisi, kwa hiyo kifaa cha zamani kinazidisha. Asubuhi mapema jua likiwa chini au kadi ikiwa na umande haiungui, kwa hiyo kinapunguza. Na nchi zimetumia vifaa tofauti miaka tofauti, Marekani wenyewe kwa muda mrefu walikuwa na chombo cha aina nyingine kabisa. Ndiyo maana ile tofauti ya masaa 150 kwa mwaka kati ya Seattle na Singapore usiihesabu, hesabu miji hiyo iko sawa. Ila 1,230 ya Lima dhidi ya 2,000 na ushee, hiyo ni tofauti ya kweli, hakuna kifaa kinachoweza kukosea kiasi hicho.

Tatu ni "siku za mawingu", na hii mimi nakushauri uiache kabisa. Kwa utaratibu wa Marekani walikuwa wanachukua wastani kuanzia jua kuchomoza mpaka kuzama, ikifika sehemu 8 mpaka 10 kati ya 10 siku inaandikwa ya mawingu, 4 mpaka 7 mawingu kiasi, 0 mpaka 3 siku safi. Sasa chukua Juni pale Seattle, jua linazama baada ya saa tatu usiku. Wingu likikaa tangu alfajiri mpaka saa kumi na mbili jioni halafu anga likafunguka, watu wamepata masaa matatu ya jua safi kabisa na watoto wamecheza nje, lakini kwenye daftari siku hiyo ni ya mawingu. Hizo siku 200 na kitu zako zimo siku nyingi za namna hiyo. Tena kuanzia miaka ya 1990 vituo vya Marekani vikahamia kwenye mashine, na mashine zile zilikuwa zinaona mawingu mpaka futi 12,000 tu, kama mita 3,700, ya juu ya hapo kwake ni anga safi. Ukilinganisha takwimu za kabla na za baada bila kujua hilo unapotea.

---

Kusini_mwa_Dunia

Mkuu Mpima_Anga amemaliza upande wa vipimo, mimi niongezee Lima maana nimeishi pale na nadhani ndiyo mji unaodanganya watu kuliko yote kwenye makaratasi.

Pwani ile inapitiwa na mkondo baridi wa bahari unaoitwa Humboldt, maji yake ni baridi kuliko unavyotegemea kwa sehemu iliyo nyuzi 12 tu kusini mwa ikweta. Hewa inayogusa maji hayo inapoa na inajaa unyevu. Juu yake kuna hewa nyingine ya joto na kavu inayoshuka kutoka juu, hiyo inakaa kama mfuniko juu ya sufuria, na nyuma yake kuna milima ya Andes hakuna pa kutokea. Kwa hiyo unyevu unageuka wingu pale pale chini, wingu pana linalofunika pwani nzima lakini jembamba, unene wake mita mia chache, haliwezi kupanda juu likakua mpaka likatoa mvua ya maana. Linalotoa ni rasharasha tu wanaiita garúa, inalowanisha vumbi kwenye vioo vya gari linakuwa tope na hapo hapo kipimo cha mvua hakisomi kitu. Ndiyo jibu la swali lako la mji usio na mvua uwe na jua kidogo, kile kile kinachozuia mvua ndicho kinacholifungia wingu lisiondoke.

Kuanzia Juni mpaka Septemba anga ni rangi moja asubuhi mpaka jioni, jeupe la kufifia, huoni jua liko upande gani na huoni kivuli. Wenyeji wanaliita tumbo la punda. Nguo ukianika ndani zinakaa siku nyingi zinabaki na ubichi. Julai masaa ya jua ni kama 30 kwa mwezi mzima, yaani hayafiki saa moja kwa siku. Kwa mtu mwenye hali yako hiyo siyo sehemu ya kwenda bila kujipanga.

Ila nisikufiche, Januari mpaka Aprili Lima ni jua zuri sana, na kuna siri moja ya wenyeji. Lile wingu lina kimo chake, ukilipita unatokea juani. Ukipanda bonde la mto Rímac kuelekea mashariki, Chaclacayo iko kama mita 650 juu ya usawa wa bahari na Chosica kama 850, watu wa Lima wanakwenda huko wikiendi za baridi kuota jua. Kipande kidogo tu cha barabara na anga limebadilika kabisa. Kwa hiyo hata hiyo 1,230 ni ya kituo kimoja cha pwani, siyo ya mji mzima.

---

Fundi_Paneli

Nimependa huu mjadala, mimi nafunga paneli za sola na sisi tunaliangalia jua kwa jicho lingine, wati. Hapa kuna kitu hakijasemwa bado: saa moja ya jua ya mji huu siyo sawa na saa moja ya jua ya mji ule.

Pima kimo cha jua saa sita mchana, jua linapokuwa juu kabisa. Seattle iko karibu nyuzi 48 kaskazini, Desemba jua la mchana linafika nyuzi 19 tu juu ya upeo, yaani jengo la ghorofa tatu la jirani linakuzibia. Juni linafika kama nyuzi 66. Singapore iko nyuzi moja na kidogo tu kutoka ikweta, na siku ambayo jua lake la mchana liko chini kuliko siku zote za mwaka bado ni nyuzi 65. Soma tena hapo, jua la Seattle linapofika juu kabisa kwa mwaka mzima ndiyo linalingana na jua la Singapore likiwa chini kabisa. Mimi kila nikiiangalia hiyo hesabu naona inaeleza zaidi kuliko masaa yote ya jua.

Kwa hiyo japo masaa yanakaribiana, nishati inayofika chini ni tofauti, Singapore inapata karibu kilowati-saa 1,600 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka na Seattle ni 1,200 na kidogo. Na sehemu kubwa ya nishati ya Singapore inapita kwenye mawingu, ni mwanga uliotawanyika usio na kivuli, kadi ya kile kifaa cha kioo haiungui lakini jicho lako linaupokea. Saa sita mchana chini ya wingu la Singapore ni peupe kuliko chini ya wingu la Desemba la Seattle. Kama unataka kuangalia mwenyewe kuna ramani ya Benki ya Dunia inaitwa Global Solar Atlas na kuna PVGIS ya Umoja wa Ulaya, zote bure, unabonyeza sehemu yoyote inakupa kila mwezi.

---

Nuru_ya_Asubuhi

Jamani asanteni sana, nimejifunza kwenye hii kurasa moja kuliko wiki nzima ya kuhangaika. Mkuu Kusini umenishtua na hiyo Julai, masaa 30 mwezi mzima!

Ila bado sijaelewa kitu. Mpima_Anga anasema Seattle na Singapore nihesabu ziko sawa, Fundi anasema haziko sawa kabisa. Na mtu anayeishi huko kihisia ataziona sawa au tofauti? Mume wangu yeye anaegemea Seattle anasema masaa 2,170 yamemtosha.

---

Mpima_Anga

Dada, ziko sawa kwa jumla ya mwaka tu, na mtu haishi kwenye jumla ya mwaka. Ngoja nikuwekee miezi, takwimu za miaka 30 zinazotumika sana: Seattle Julai ni masaa 312 ya jua, Agosti 281. Sasa shuka, Novemba 73, Desemba 53, Januari 70. Singapore mwezi wa chini kabisa ni Novemba kama 130 na wa juu ni Machi kama 190, mwaka mzima iko kati ya masaa manne na saba kwa siku, haipandi sana na haishuki sana. Hiyo ni miji miwili yenye jumla inayofanana na maisha yasiyofanana kabisa. Mumeo akisema 2,170 zimemtosha mwambie zaidi ya nusu yake iko kwenye miezi mitano kuanzia Mei mpaka Septemba.

Na hapa ndipo namba nyingine inapoingia, asilimia ya jua linalowezekana. Unachukua masaa ya jua yaliyopatikana unagawanya kwa urefu wa mchana. Kwa mwaka kila sehemu duniani inapata mwanga wa mchana karibu sawa, kama masaa 4,400, iwe ikweta iwe karibu na ncha, tofauti ni umegawanywaje. Seattle ni kama asilimia 49, Singapore 46, Lima 28. Kwa kulinganisha, Yuma kule Arizona inafika kama 90 na hiyo ndiyo inahesabiwa kati ya miji yenye jua kuliko yote duniani. Lakini asilimia peke yake nayo inapotosha: Juni Seattle inapata asilimia kama 56 na Februari Singapore kama 54, ukisoma hivyo ni kitu kimoja, kumbe mchana wa Juni Seattle ni masaa 16 kwa hiyo hiyo asilimia inakupa masaa 268, na Singapore inakupa 180. Asilimia inakuambia tabia ya mawingu, masaa yanakuambia utapata nini. Soma zote mbili kwa kila mwezi, usisome moja.

---

kivuli_kirefu

Mimi naomba nitofautiane kidogo na hizi hesabu zinazoipa Singapore ushindi moja kwa moja. Jua lipo ila je utakuwa nje? Pale saa za mchana ni nyuzi 31, 32 na unyevu hewani mkubwa mwaka mzima, watu wanatoka nyumba yenye AC wanapanda treni yenye AC wanaingia ofisi yenye AC, na mwanga wa ofisini ni kama laksi (kipimo cha mwanga) 300 mpaka 500 wakati nje hata siku ya mawingu ni maelfu. Saa zao pia zimesogezwa mbele, jua linachomoza saa moja asubuhi na kuzama saa moja jioni mwaka mzima, ukitoka kazini saa kumi na mbili umebakiza lisaa tu. Mvua za radi nyingi zinakuja alasiri. Kwa hiyo jua la kulitumia kwa raha pale ni asubuhi kabla ya saa nne, ukilala umelikosa.

Ila Desemba ya Seattle ni mbaya zaidi kwa hesabu hiyo hiyo, jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na dakika 20 jioni, mfanyakazi anatoka giza anarudi giza, hata hayo masaa 53 ya mwezi mzima mengi yanampita akiwa ndani.

---

Daktari_wa_Zamu

Naongezea upande wa afya kwa kifupi. Hiyo hali uliyoieleza inafahamika, kundi la Norman Rosenthal waliielezea kitaalamu mwaka 1984 kama sonona inayokuja kwa majira, na matibabu yake mojawapo ni taa ya laksi 10,000 unakaa mbele yake asubuhi kama nusu saa. Ongea na daktari kabla ya kuhama na siyo baada ya kuanza kuumwa, maana ukiwa umeshazama hata kwenda kuonana na daktari inakuwa kazi. Kinachohusika zaidi ni mwanga unaoingia machoni, hasa wa asubuhi, siyo lazima jua lenyewe likupige. Kutembea nje asubuhi hata chini ya wingu kunakupa mwanga mwingi kuliko kukaa ndani na taa zote zimewaka. Ndiyo maana nakubaliana na kivuli_kirefu, angalia ratiba yako pamoja na anga.

---

data_kwanza

tahadhari moja tu kwa wote mnaotumia zile tovuti zenye grafu nzuri za asilimia ya mawingu. nyingi hazitoki kwenye kituo cha mji, zinatoka kwenye modeli za kompyuta zinazounganisha satelaiti na vipimo vingine, mfano MERRA-2 ya NASA au ERA5 ya kituo cha utabiri cha Ulaya. Uzuri wake zinapima dunia nzima kwa kipimo kimoja so kulinganisha nchi na nchi ni haki zaidi. Ubaya wake kila mraba wa hesabu ni mkubwa, ERA5 kama kilomita 31 na MERRA-2 kama 50. sasa Lima ya ufukweni na Chosica ya juani zinaweza zikaangukia mraba mmoja zikapewa wastani ambao haupo sehemu yoyote kati ya hizo mbili. San Francisco hivyo hivyo, upande wa bahari umefunikwa na ukungu na upande wa ghuba jua linawaka mchana ule ule. Seattle nayo ukivuka maji kuelekea magharibi unakuta mji wa Sequim, umekingwa na milima ya Olympic, mvua yake haifiki nusu ya Seattle. kwa miji ya milima na pwani tafuta kituo halisi, kwa miji ya tambarare modeli inatosha

---

Nuru_ya_Asubuhi

Sasa naona mwanga. Kwa hiyo nikielewa vizuri nianze na masaa ya jua kwa kila mwezi, niangalie mwezi mbaya kabisa na siyo jumla, halafu nilinganishe na saa ambazo nitakuwa nje kweli. Lima kama tutaenda iwe ni kuishi juu ya bonde, ambapo sijui kama kazi ya mume itaruhusu. Swali la mwisho, hizo data za kila saa na za vituo halisi mtu wa kawaida anazipata wapi? Na mngekuwa ni nyie mngechagua wapi?

---

Kusini_mwa_Dunia

Za Peru zinatolewa na SENAMHI, idara yao ya hali ya hewa. Usichukue za kiwanja cha ndege cha Callao peke yake, kile kiko ufukweni kabisa, tafuta na kituo cha La Molina kilichopo chuo cha kilimo, kiko ndani zaidi upande wa mashariki, ukiziweka pamoja utaona tofauti ya mtaa na mtaa. Na kazi ya mumeo ikiwa ni huko pwani, Miraflores au Callao, kuishi Chosica ni foleni asubuhi na jioni, hilo mlipime kwa makini.

---

Mpima_Anga

Za Seattle zipo NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, kituo ni cha kiwanja cha Sea-Tac, na za Singapore zinatolewa na idara yao ya hali ya hewa. Za kila saa chukua kutoka PVGIS aliyoitaja Fundi, unapakua faili inafunguka kwenye programu ya hesabu ya kawaida. Ukishaipata fanya hivi, kwa kila mji chukua mwezi wake mbaya, chuja ubakize saa ambazo wewe utakuwa nje, tuseme saa moja mpaka saa tatu asubuhi na saa kumi mpaka kumi na mbili jioni, halafu tafuta siku ngapi zimefuatana bila jua ndani ya saa hizo. Hicho kipindi kirefu cha mfululizo ndicho nakiona cha muhimu kwako kuliko wastani wowote, maana ulisema mwenyewe kinachokuumiza ni wiki nzima bila jua kuchomoza, na wastani haukuonyeshi mfululizo.

Kwa hali uliyoieleza mimi ningechagua Singapore na ningetafuta nyumba yenye sehemu ya kutembea asubuhi. Seattle ingekuwa ya pili, kwa sharti kwamba likizo ya mwaka mnaichukua Desemba au Januari mnakwenda sehemu yenye jua. Lima ya ufukweni nisingekwenda. Hakikisha tu faili unayopakua imeandikwa saa za wapi, PVGIS inatumia saa za UTC, yaani saa ya kimataifa, kwa Singapore unaongeza masaa 8 na kwa Lima unatoa 5, Seattle unatoa 8 kipindi cha baridi na 7 kipindi cha kiangazi.